Pasta, ni plastiki tu



Tangu Jumapili simu yangu haijapumzika. Nilitangaza madhabahuni kwamba ule mchezo wa kupiga risasi kwenye skrini, ule wa bunduki ya plastiki, hautarudi tena katika siku ya watoto wala mahali popote kwenye kiwanja cha kanisa. Sikueleza sana kwa sababu ibada ya pili ilikuwa inangoja mlangoni. Basi wengine mmeniandikia kwa upole, wengine kwa ukali, na ndugu mmoja amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Ubarikiwe, nimeusikiliza wote. Leo ninajibu. Kama una chai, iweke karibu, maanake nitaandika kirefu.

Kwanza kilichotokea, kwa sababu wengi wanaonijibu hawakuwepo.

Jumamosi ile tulikuwa tunachangisha pesa za mabati ya darasa la Sunday school. Akina mama walikuwa na pilau na mandazi, kulikuwa na lile jumba la upepo la watoto kurukia, kulikuwa na kuchorwa uso. Vijana wakakodi kwa jamaa mmoja TV kubwa, mashine ya gemu na bunduki mbili. Mchezo mmoja shilingi 50. Watu wanachomoza nyuma ya mapipa na madirisha, wewe unalenga, unavuta triga, wanaanguka, alama zinapanda. Foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya pilau.

Na hili nataka mlisikie kutoka kwangu kabla hamjalisikia kwa mtu mwingine. Mimi ndiye niliyeidhinisha. Karatasi ya bajeti ina sahihi yangu. Tena nilicheza. Watoto walipiga kelele "Pasta! Pasta!", nikashika bunduki, nikaangusha watu 23 kabla muda haujaisha, nikapigiwa makofi. Kisha nikamkabidhi bunduki kijana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, mtoto wa darasa la nne.

Wakati huohuo mama mmoja wa idara ya jikoni alikuwa anapita na sufuria. Yule mtoto akageuka, akamwelekezea bunduki, akasema, "Paa! Umekufa!" Hakuwa amekosa adabu. Akili yake ilikuwa bado iko ndani ya mchezo.

Mama aliweka sufuria chini polepole, akakaa kando yake kwenye nyasi, akajifunika uso kwa leso. Wageni walidhani ni jua. Sisi tunaomfahamu hatukudhani ni jua. Kifungua mimba wake alitoka nyumbani asubuhi kwenda kazini akapigwa risasi njiani, risasi ambayo mpaka leo hakuna aliyekubali kuwa ni yake. Sisi ndio tuliomzika. Mimi ndiye niliyehubiri siku hiyo. Na mimi ndiye niliyetoa bunduki mkononi mwangu nikaitia mkononi mwa mtoto.

Sasa tuje kwa hoja zenu.

Kubwa kuliko zote ni hii: "Pasta, ni plastiki tu." Nimeihesabu kwenye grupu, imeandikwa zaidi ya mara kumi, mara nyingine na kikatuni cha kucheka.

Ni kweli, ni plastiki. Mimi mwenyewe ni mtoto wa miaka ya 90. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa na zile TV gemu zilizoigwa kutoka kwa Nintendo, zenye kaseti za manjano, na ndani ya boksi kulikuwa na bunduki. Tulipiga bata. Ukimkosa bata, mbwa anainuka kwenye nyasi anakucheka, na hakuna aliyelea utoto wake mbele ya gemu ile ambaye hakujaribu kumpiga yule mbwa. Hapigiki. Tulikuwa tunasogea mpaka mdomo wa bunduki unagusa kioo ndio tusikose, na mwenye nyumba anafoka kwamba tutamharibia TV. Kwa hiyo usiniambie sijui furaha ya mchezo huo. Naijua sana.

Nilipokua fundi mmoja wa TV alinieleza jinsi bunduki ile inavyofanya kazi, nikashangaa. Sisi tulidhani inatoa mwali. Kumbe haitoi kitu. Ukivuta triga, skrini inakuwa nyeusi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, halafu pale alipo bata panatokea kipande cheupe. Ndani ya mdomo wa bunduki kuna kijicho cha kuhisi mwanga. Kikiuona ule weupe, mashine inahesabu umepiga. Kisipouona, umekosa. Ndiyo maana zile za zamani hazifanyi kazi kwenye TV bapa za siku hizi, picha inachelewa kidogo na hesabu inavurugika. Hizi mpya nyingi zina kamera ndogo mbele, lakini kazi ni ileile. Bunduki ya gemu haipigi. Inatazama, inapokea.

Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Bwana wetu alifundisha kwamba jicho ni taa ya mwili, na kwamba jicho likiharibika mwili wote unakaa gizani. Mnaniuliza kila siku hiyo gemu inatoa nini. Mimi nimeanza kuuliza mtoto wangu anapokea nini.

Najua mtakapoelekea. Dada mmoja mwalimu ameniandikia vizuri kwamba utafiti haujathibitisha gemu zinazalisha wauaji. Dada, uko sawa, na nitakutetea mbele ya kanisa zima. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, ambacho miaka ya nyuma kilizungumza kwa ukali juu ya gemu za vita, mwaka 2020 kilitoa msimamo kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuziunganisha na vitendo vya ukatili wa kweli. Kilichobaki kwao ni uhusiano mdogo na hasira ndogondogo, kama kufoka na kusukumana. Japani ndiko Nintendo ilikozaliwa, watoto wao wameshika bunduki hizi za plastiki tangu kabla mimi sijazaliwa, na mauaji ya bunduki kule ni machache mno. Mhubiri anayesimama kuwatisha wazazi kwamba mtoto akipiga bata leo kesho atapiga benki, huyo anasema uongo, na uongo hautakaswi kwa kusemewa kwenye maikrofoni ya kanisa.

Lakini mpendwa, mimi sikusema mtoto wako atakuwa muuaji. Rudia kusikiliza tangazo. Nilisema mchezo hautarudi.

Hebu fungua barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya nane. Mle ndani kuna watu wenye elimu. Hoja yao ni kwamba sanamu si kitu, kwa hiyo nyama iliyotolewa kwa sanamu ni nyama tu. Na Paulo anakubaliana nao! Hawaambii wamekosea hesabu. Anawaambia kuna ndugu pembeni ambaye juzi tu alikuwa anainamia ile sanamu, na akiwaona wanakula dhamiri yake inajeruhiwa, na wakimjeruhi huyo wamemkosea Kristo. Kisha yeye mwenyewe anaamua kwamba kama chakula kinamwangusha ndugu yake, nyama atakaa bila.

Nyama ni nyama tu. Plastiki ni plastiki tu. Hamwoni ni sentensi moja? Miaka karibu 2,000 imepita na bado tunashinda mjadala huku mtu amekaa kwenye nyasi na leso usoni.

Najua tofauti, msikimbilie kuniambia. Paulo alihofia ndugu arudi kwenye sanamu, na huyu mama hatarudi popote. Lakini mzizi ni mmoja: nikiwa sahihi, na usahihi wangu unamkanyaga mtu niliyekaa naye meza moja ya Bwana, basi usahihi huo naweza kuuweka kabatini.

Na si mama mmoja. Tazama viti vya kanisa letu. Sisi ni nchi gani? Tarehe 21 Septemba 2013 watu walikwenda Westgate kununua mkate na kula na watoto wao, na 67 waliuawa. Tarehe 2 Aprili 2015, Garissa, 148, wengi wao wanafunzi, na baadhi walikuwa wameamka alfajiri kusali. Machi 2020 wakati wa kafyu mtoto wa miaka 13 alikuwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, risasi ikamfuata hukohuko juu. Juni 2024 vijana walianguka katikati ya jiji tukiwatazama kwenye simu. Huko kote hapakuwa na alama zinazopanda. Leo tunaingia katika maduka makubwa kama yale, tunapanda lifti mpaka sehemu ya michezo, tunalipa, na mtoto anashika kitu chenye umbo lilelile analenga watu wanaojificha nyuma ya kaunta. Nimewahi kumpeleka wangu. Sikuwaza kitu. Nilikuwa nimeshughulika na simu.

Kuna aliyeniuliza kwa nini sikatazi gemu zote basi, hata zile za kwenye simu ambazo watu wanapigana. Swali zuri. Sijakataza chochote nyumbani kwako, hapo wewe ndiwe pasta. Lakini hata mchezaji atakwambia kubonyeza kitufe na kushika bunduki si sawa. Ndiyo maana wanatengeneza hicho kifaa! Mchezo ule ungeweza kuchezwa kwa vitufe, na watu wanalipa zaidi ili mkono ushike mpini, jicho lifuate mtutu, kidole kikae kwenye triga. Na jeshi la Marekani katika miaka ya 1990 lilitumia mashine ya Super Nintendo, hii hii ya watoto, likaiunganisha na bunduki yenye umbo la M16 kuwafundisha askari wake shabaha. Wao hawakuona ni plastiki tu. Waliona mwili unajifunza.

Halafu kuna jambo ambalo wazazi wa mtaani wanapaswa kulifikiria hata kama hawaamini Mungu. Bunduki ya kwanza ya Nintendo iliyouzwa Marekani mwaka 1985 ilikuwa ya kijivu. Baadaye ikageuzwa rangi ya machungwa, kwa kuwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 sheria yao ilianza kutaka bunduki za kuchezea zitofautike na za kweli. Kwa nini? Kwa sababu kwa mbali, usiku, mtu mwenye hofu hawezi kutofautisha. Novemba 2014 mjini Cleveland mvulana wa miaka 12 alikuwa uwanjani na bunduki ya kuchezea ambayo ile alama ya machungwa ilikuwa imeondolewa. Gari la polisi lilifika, na ndani ya sekunde kama mbili alikuwa amepigwa risasi. Alikufa siku iliyofuata. Na hapa kwetu, ni mara ngapi umesikia kwenye taarifa ya saa moja kwamba mshukiwa ameuawa na amepatikana na bastola bandia? Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, yenyewe inataja silaha bandia, ukiitumia kwa uhalifu umevunja sheria kana kwamba ni kitu cha kweli. Sasa zile bunduki mbili tulizokodi zilikuwa nyeusi tititi. Vijana wawili walizitoa mpaka langoni wakapiga nazo picha barabarani, mimi nimeziona hizo picha, mmeziweka kwenye status. Barabara hiyohiyo inapita magari ya doria. Ondoeni.

Mzee wangu mmoja, ambaye namheshimu kama baba, amesema Biblia imejaa vita, na Daudi alitumia kombeo, na tukiendelea hivi tutalea wavulana laini. Mzee, shikamoo. Ni kweli Daudi alikuwa mtu wa vita. Lakini nakuomba tusome mpaka mwisho wa maisha yake. Alipotaka kumjengea Mungu nyumba alizuiliwa, na sababu aliyopewa ni kwamba amemwaga damu nyingi. Kazi ikaenda kwa Sulemani. Damu ile nyingine ilimwagwa katika vita ambavyo Mungu mwenyewe alimpa ushindi, na bado mikono ile haikujenga nyumba. Na sisi Jumamosi ile tulikuwa tunatafuta nini? Mabati ya nyumba ya Mungu, chumba cha watoto. Hilo halikunijia mpaka Jumatatu usiku, nikashindwa kulala.

Tena Daudi huyo alilia. Alimlilia Sauli aliyekuwa anamwinda, alimlilia Absalomu aliyetaka kumuua. Mimi niliangusha watu 23 nikacheka, nikaomba raundi nyingine.

Wapo na wa upande wa pili, na hawa msifikiri nimewasahau kwa sababu wanakubaliana nami. Ninyi mliosema mashine ile ina pepo. Mmoja alikuja ofisini na mafuta, anataka tuombee kiwanja, kisha twende kwa yule jamaa tukamchomee bunduki zake. Jameni! Bunduki ya plastiki haina pepo. Ina betri. Yule kijana ana familia na anajitafutia riziki kwa kukodisha mashine, na sisi ndio tuliomwita kwa M-Pesa. Mnapenda pepo kwa sababu pepo hajibu akilaumiwa. Ukisema ni pepo, hakuna haja ya kuuliza nani alitia sahihi, nani alikuwa anashika simu, nani Krismasi iliyopita alimnunulia mtoto bastola pale stendi kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko mpira. Nimekemea pepo miaka mingi, na nitaendelea. Hapa sikuona wa kumkemea. Niliona mchungaji aliyesahau kondoo wake wamepitia nini.

Pesa. Mhazini ameniletea hesabu, na yeye ni mtu wa kweli, hakuficha kwamba ameumia. Gemu ile peke yake ilileta shilingi 7,350. Pilau ililaza damu nyuma yake. Anasema pesa haina rangi, na mabati yanaongezeka bei kila mwezi. Nimemwelewa. Lakini mkumbuke Daudi tena, siku watu wake watatu walipopenya kambi ya Wafilisti kumletea maji ya kisima cha Bethlehemu. Aliyashika mkononi, akiwa na kiu, akayamwaga mbele za Bwana, hakuyanywa. Hayakuwa maji machafu. Yalikuwa yamegharimu kitu ambacho hakuweza kukimeza.

Kwa hiyo mzazi aliyemlipia mtoto, mwone mhazini baada ya ibada uchukue 50 zako. Ikibaki kitu ambacho hakuna aliyekuja kukichukua, kitakwenda kwenye mfuko wa wajane, na pengo la mabati ni deni langu mimi, si la kanisa. Nimeshaanza kulilipa. Msinitumie pesa za kunisaidia, tafadhali, mtaniharibia toba.

Jambo la mwisho, na nimepewa ruhusa ya kulisema.

Jumanne jioni nilikwenda kwa yule mama kuomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa na maandiko. Hakutaka maandiko. Aliuliza tu, "Yule mtoto ni wa nani?" Nikamwambia. Akasema nimlete, aje na mamake. Nikaogopa kidogo, lakini Alhamisi tukaenda. Mtoto alikuwa ameshika mkono wa mamake kwa nguvu, macho chini. Mama akamkalisha kwenye kiti cha karibu na meza, akamwekea chapati na maharagwe, akatoa picha ya marehemu akiwa na jezi ya kipa. Akamwambia alikuwa anakaa Sunday school palepale unapokaa wewe, karibu na dirisha.

Mtoto akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Alikuwa anapenda gemu?"

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Lakini yule mama alicheka. Ndiyo mara ya kwanza nimesikia kicheko chake tangu tuzike. Akasema, "Sana! Alikuwa anamaliza pesa za mkate huko. Nilikuwa namfuata na kiboko."

Wakaongea mambo ya mpira mpaka taa zikapotea. Sikusema kitu. Nilikula chapati zangu.

Mabati tunaanza kupiga Jumamosi saa mbili asubuhi. Mwenye nyundo aje nayo, ngazi tunazo mbili tu, kwa hiyo kama jirani yako ana ngazi mwombe vizuri. Pilau ipo, na yule mama ndiye anayeongoza jikoni.

Barikiwa.